Mkasi ndio unaowafukuza ndege

Bibi wa Kitalu anajibu maswali yenu kutoka Tengeru, Arusha. Mwezi huu mafungu ya barua yamejaa mtandamboo, kile kichaka cha miiba kinachopandwa kuzungushia kiwanja, kwa hiyo mengine yatasubiri. Mwenye swali la parachichi anivumilie.

SWALI: Shikamoo Bibi. Miaka sita iliyopita nilikuja kwako siku ya gulio, Jumamosi, nikanunua miche 80 ya mtandamboo ya kuzungushia kiwanja. Uliniambia nitapata ua wa kijani mwaka mzima, watoto watakula matunda na ndege watajaa. Ua umekua, hapo siwezi kulalamika, ni mnene hata kuku hapenyi. Lakini tunda sijaona hata moja, na ndege ni shomoro walewale wa kwenye bati. Kijana wa bustani anaukata kila mwisho wa mwezi, umenyooka kama ukuta wa tofali. Samadi naweka, kiangazi namwagilia. Je, uliniuzia miche dume?
Baba wa watoto watatu, Kisongo

JIBU: Marahaba baba, na pole kwa kukaa na dukuduku miaka sita. Miche dume sikukuuzia. Mtandamboo hauna dume na jike kama mpapai. Kila ua linalochanua lina sehemu za dume na za jike ndani yake. Tatizo lako ni kwamba una ua wa miche ambao haujawahi kuruhusiwa kutoa ua la kunusa.

Fanya hivi. Kesho asubuhi zunguka nyuma ya choo au nyuma ya banda la kuku, pale ambapo mkasi hauingii vizuri. Lazima kuna tawi moja lililoponyoka. Lishike kwa tahadhari, maana mwiba wake ni mrefu kama njiti ya kiberiti, kisha lifuate taratibu mpaka nchani. Hapo utakuta kishada: vitumba vya rangi ya waridi vimesimama wima, na vilivyofunguka ni vyeupe kwa ndani, petali tano zimepishana kuelekea upande mmoja kama mapanga ya pangaboi. Nusa. Ni kama asumini, na jioni harufu inazidi.

Umeona kilipotokea hicho kishada? Nchani. Na ncha ndiyo anayoikata kijana wako kila mwisho wa mwezi, kwa bidii, na mshahara unampa.

Sina haki ya kukucheka. Marehemu mzee wangu alikuwa mwalimu, na mwalimu wa zamani anapenda kitu kinyooke. Alifunga kamba kwenye vigingi viwili, akaiangalia kwa jicho moja, ndipo akakata. Ua wetu wapita njia waliusifia. Tulikaa nao hivyo miaka, na mimi niliyekuwa nauza miche ya "mti wa ndege" sikuwa na ndege wa kumwonyesha mteja. Mwaka 2009 mzee akaugua. Hakuna aliyeukumbuka mkasi, tulikuwa na mengine. Ua ukaota nywele. Mvua zilipoanza nilikuwa nimekaa naye barazani, amejifunika blanketi, akaniuliza ni nani amemwaga manukato. Alikuwa ni ule ua wake, umefunguka maua upande mzima. Hakusema tena habari ya kamba.

Sasa usiende upande wa pili ukautupa mkasi kabisa, kichaka kitakuingilia mpaka jikoni. Ua wako una pande mbili. Ule wa barabarani uendelee kunyolewa, majirani wafurahi na pikipiki zipite. Wa ndani uuache. Huo ukate mara moja kwa mwaka, matunda yakishaisha, na usikate wote: nusu mwaka huu, nusu mwakani, ili kila msimu pawe na upande wenye matawi yaliyokomaa. Kabla ya kukata piga magoti uchungulie ndani. Ukiona kiota, hata kama hujui kina nani, kata kwingine.

Halafu mwambie kijana aache kupuliza dawa. Hukuandika kwamba anapuliza, lakini mtu anayenyoosha ua hivyo sijawahi kumwona akivumilia jani lenye tundu. Kuna kiwavi mnene mwenye pembe ndogo mkiani, anakula majani ya mtandamboo. Mwache ale. Huyo akikomaa hushuka ardhini, hugeuka pupa, kisha hutoka nondo mkubwa mwenye mwili kama risasi, yule anayeelea hewani mbele ya ua bila kutua, mabawa hayaonekani kwa kasi, na ulimi wake mrefu anaukunjua kama waya wa simu ya zamani. Giza likianza kuingia hao ndio wateja wa mtandamboo. Na kama una mipapai nyumbani, sikiliza: nondo hao hao ndio hubeba chavua kutoka mpapai dume kwenda mpapai jike, watafiti waliowafuatilia kwenye mashamba ya Kenya wamelithibitisha. Sikuapii kwamba mipapai yako itazaa mara mbili. Nasema tu kwamba mnyonya asali wa jioni anahitaji mahali pa kulala, pa kutagia na pa kunywa wakati mipapai yako haina maua, na kiwanja chenye nyasi fupi na ukuta hakimpi hata kimoja.

Matunda ni madogo, kama punje kubwa ya mbaazi hadi zabibu ndogo, huanza kijani, yakawa mekundu, mwisho meusi yanayokaribia zambarau. Watoto wako wale yale meusi tu. Jekundu bado lina utomvu mweupe unaogandisha midomo. Mjukuu wangu mmoja alikaa nusu saa midomo imeshikana, na nyumba ikapata utulivu. Wachume kwa pembeni, wasijaribu kuukwea. Nadhani aliyesema "kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma" alikuwa amefuata tunda la namna hii.

Ndege watakuja wenyewe. Wa kwanza kwangu huwa shore, yule mwenye kichwa cheusi na doa la njano chini ya mkia, anayeamka kabla ya muadhini. Anameza tunda zima zima. Baada yake kuzumburu, wanakuja kundi zima wananing'inia matawini kama panya wenye mikia mirefu, na wao hawana adabu, wanakula hata yasiyoiva. Ninga huja mara chache, na ukiwaona wale njiwa wa kijani wametulia ndani ya majani ya kijani, utafikiri ua unapumua. Wote hao wanashukuru kwa njia moja. Kuna waya wa umeme unapita juu ya shamba langu, na chini yake mwaka jana niling'oa miche 31 ya mtandamboo niliyokuwa sijaipanda mimi. Niliitia kwenye viriba na kuiuza.

Kuna mmoja sitaki umfukuze ukimwona: mbwigu, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, mkia mrefu, anakaa peke yake kwenye kijiti cha juu kama askari wa zamu. Huyo hali matunda. Siku moja nilikuwa naangalia kama vitumba vimefunguka, nikakuta panzi wawili na mjusi mdogo wamechomekwa kwenye miiba, kila mmoja na mwiba wake, wamepangwa. Nikadhani ni michezo ya watoto, nikataka kugomba. Kumbe ni bucha la mbwigu. Anawinda, anatundika, anarudi kula baadaye. Kwenye ukuta wa tofali angetundika wapi?

Jirani yangu ananibishia kwamba ndege wanakuja hata kwenye lantana yake, na hiyo haina taabu, inajiotea. Ni kweli wanakuja. Lantana ilitoka Amerika ya kitropiki, ndege wetu wanakula vitunda vyake na kuvipeleka malishoni, huko inafunika majani, na ng'ombe akiila inamdhuru ini. Ndege kula tunda si cheti cha tabia njema. Mimi huangalia pia nani anakula jani, maana kinda wa ndege halelewi kwa matunda. Analelewa kwa viwavi na wadudu laini. Jani la mtandamboo wadudu wetu wanalijua tangu enzi. Na Februari, mahindi yamekwisha, majani mengine yamepukutika na vumbi limetanda, ule ua unabaki kijani cheusi, chini yake pana ubaridi. Weka mkono ndani saa saba mchana utaniamini.

Kwa hiyo usinidai hela, nipe misimu miwili.

SWALI: Bibi shikamoo. Kwetu Longido huu mti tunauita olamuriaki na tumekula matunda yake tukichunga mbuzi. Lakini kuna ule mwingine, olmorijoi, unaotoa sumu ya mishale, na unafanana nao sana. Nataka kupanda ua nyumbani na nina watoto wadogo. Ninatofautishaje, hasa mche ukiwa bado mchanga?
Mfugaji, Longido

JIBU: Marahaba. Umeuliza la maana kuliko wote mwezi huu, na sitatania.

Olmorijoi ndio msungu kwa Kiswahili. Ni wa ukoo mmoja na mtandamboo, ndiyo maana sura zinafanana: majani ya kijani mwaka mzima yaliyokaa mawili mawili, utomvu mweupe, maua meupe yenye waridi yanayonukia, matunda yanayoishia kuwa ya zambarau nyeusi. Sumu yake inashika moyo. Wakamba na Waliangulu wa Kenya walichemsha gome na mbao zake kwa ajili ya mishale, na mshale huo ulimwangusha hata tembo. Kuna panya mkubwa mwenye manyoya marefu ya rangi nyeusi na nyeupe ambaye hutafuna gome la msungu na kujipaka yale mate kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Watafiti walieleza jambo hilo mwaka 2011 baada ya kumchunguza nchini Kenya. Mbwa akimng'ata panya huyo huweza kufa. Kwa hiyo huu si mti wa kubahatisha.

Tofauti kubwa ni moja: mtandamboo una miiba, msungu hauna. Nyingine ni za kusaidia tu. Jani la msungu ni kubwa zaidi, gumu kama ngozi iliyokaushwa, na tunda lake pia ni kubwa kuliko la mtandamboo. Lakini mimi siamini ukubwa, kwa sababu mti wa kivulini na wa juani hawalingani. Naamini mwiba.

Kuhusu mche mchanga, nitakuambia kosa langu. Mwaka 2014 niliokota mbegu chini ya mti ambao ndege hulala, nikasia viriba 60 nikiwa na uhakika ni mtandamboo vyote. Miche ikafika shubiri moja, mingi ikaanza kuonyesha vijiba vya miiba. Saba haikuonyesha. Nikasema labda ni michelewaji. Nikaisubiri mpaka mwaka ukaisha, haikuota mwiba hata mmoja, na majani yanazidi kuwa magumu. Mmoja katika hiyo saba nilikuwa nimeshamuuzia mama wa Usa River. Nilipanda bodaboda nikamfuata, nikaung'oa mwenyewe, nikamrudishia hela na mche wa kweli. Alinishangaa, maana ulikuwa umependeza.

Tangu siku hiyo sichukui mbegu iliyookotwa chini. Nachuma tunda kwenye mti ambao mwiba wake umenichoma. Na mche usio na mwiba hautoki kwenye kitalu changu. Nawe ukinunua popote, sharti liwe hilo hilo.

Ule olmorijoi ulioko porini usiukate kwa hasira, nao ni wa kwetu na una viumbe vyake. Ila usiwe karibu na nyumba, na vijiti vyake visichomewe nyama. Mtoto akila tunda usilolijua, usingoje dalili: mkimbize hospitali na ubebe tawi lenye majani na tunda ili waone alichokula.

SWALI: Bibi, mimi naandika kutoka Nyeri, huku mtandamboo tunauita mukawa. Nilichuma matunda, nikakausha mbegu juani wiki mbili kama maharagwe, nikasia Machi. Mpaka Juni hakuna kilichoota. Nimekosea wapi?
Msomaji, Nyeri

JIBU: Hapo juani. Mbegu ya mukawa si haragwe, ukiikausha juani hivyo inaweza kupoteza uhai. Chuma meusi kabisa, yaache siku moja yalainike, yasugulie ndani ya kichungio cha chai chini ya maji mpaka nyama yote itoke. Utabaki na mbegu chache bapa kwa kila tunda. Zianike kivulini usiku mmoja tu, zisie kesho yake, kina kisizidi unene wa mbegu yenyewe mara mbili.

Udongo wangu ni wa juu wa msituni, mchanga wa mtoni na samadi iliyoiva, na samadi ndiyo kidogo kuliko vyote. Juu natandaza nyasi kavu. Kwangu huchungulia baada ya wiki tatu hivi, zingine hujivuta hadi wiki ya sita, kwa hiyo usimwage kiriba mapema. Wanaokufa wengi wanakufa kwa maji, si kwa kiu. Mwaka mmoja nilisafiri nikamwachia mtu amwagilie asubuhi na jioni. Nilirudi nikakuta miche imeoza shingo, mistari mitatu mizima. Mara moja kwa siku inatosha, na mvua ikinyesha acha.

Pandikiza mvua kubwa zikianza, miche ikiwa imefika futi moja, mistari miwili iliyopishana kama meno ya msumeno, futi mbili kati ya mche na mche. Zuia mbuzi miaka miwili ya kwanza. Ni mti wa pole pole, ua wa kuzuia mtu unautazamia mwaka wa nne, na anayekuahidi mapema kuliko hapo anauza kitu kingine. Kwa hakika wapo: mjini utaonyeshwa mche mzuri, jani linang'aa, tunda jekundu kubwa kama plamu, mwiba una panda mbili kama uma. Huyo ni binamu kutoka Afrika Kusini na Msumbiji. Hana ubaya, tunda lake linaliwa, lakini siye uliyemtafuta.

SWALI: Bibi, huku kwetu Tanga wazee wanasema mizizi ya mtandamboo inaongeza nguvu za kiume. Ni kweli? Naomba usitaje hata wilaya yangu.
Msomaji, Tanga

JIBU: Jina lenyewe limeshajibu, ndiyo maana halitamkwi mbele ya wakwe. Gulioni nikiwa na wazee wa kanisa nauita "ule wa miiba".

Mizizi inatumika sana, hilo sikatai. Wamasai huichemsha ndani ya supu ya nyama, na harufu yake ukiikwangua ni kali, inaingia mpaka kichwani. Kuhusu hiyo nguvu nenda kwa daktari, wala usione haya, wanaona wengi. Mimi ninachokijua ni upande wa mti. Miaka kadhaa nyuma watu walikuja usiku wakachimba kwenye ua wangu, wakakata mzizi mkuu wa vichaka vitano vilivyokuwa vimezaa miaka kumi. Vitatu vilikauka. Anayetaka mzizi apande wake, achukue mzizi wa pembeni mmoja, afukie.

SWALI: Mama mkwe wangu amekataa ua wa miiba, anasema utaleta nyoka. Nimwambie nini?
Mkwe mtu, Himo

JIBU: Usimwambie kwamba hakuna nyoka, atakushinda siku atakapomwona. Nyoka anafuata panya, na panya anafuata pumba za kuku na takataka zilizorundikwa chini ya ua. Funika chakula cha kuku, fagia chini, nyanyua matawi ya chini kiasi cha kuona upande wa pili, na acha hatua tatu kati ya ua na ukuta wa nyumba. Mimi kwa miaka yangu yote nimemwona nyoka mmoja ndani ya ule ua. Alikuwa na mkia wa panya unaning'inia mdomoni. Nilirudi nyuma pole pole, nikamwacha amalize.